Uzi Mwekundu kwenye Darubini ya Baba

Buzebazeba, Kigoma
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwako Baba, na kwako Mama utakayemsomea,

Asalaam aleikum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mwili wangu hauna neno, nakula migebuka, samaki wa ziwani huku, mpaka nimeanza kunenepa, na homa ile ya mwezi uliopita imekwisha kabisa. Moyo ndio umekuwa ukinidunda tangu Ijumaa, na ndio ulionikalisha chini leo nishike kalamu. Jicho la kulia linaendeleaje, Baba? Mtoto wa jicho si wa kulelewa. Kama hospitali wamekupa tarehe ya kupasuliwa, nenda, usisubiri mavuno wala mvua. Na wewe Mama, goti lako? Bado unapanda kile kilima kwenda kisimani kana kwamba una miaka ishirini?

Mama, nina ombi kabla sijaenda mbali. Nakujua. Ukikuta pabaya kwenye barua unaruka, unaunganisha salamu na salamu, Baba anabaki anadhani dunia nzima ni heri. Safari hii usiruke. Msomee neno kwa neno, hata akikuambia inatosha. Ningepiga simu, lakini kwenye simu Baba ananiuliza mvua, mimi namuuliza jicho, kisha tunaagana. Hatujawahi kuongea jambo zito kwa simu na sitaki tuanze na hili.

Baba, nimevunja uzi wako.

Nimelisema mapema ili lisinikae kooni kurasa zote hizi. Sasa nipe nafasi nieleze, halafu utanihukumu.

Unakumbuka nilikuambia kikosi chetu cha wanyamapori kitashindana kulenga shabaha na vikosi vingine vya huku magharibi, na kwamba timu ni ya watu wanne. Watatu walikuwa hawana mjadala. Nafasi ya nne tuliachiwa wawili tuigombee, mimi na kijana mmoja wa Ujiji anaitwa Ntabaye, Muha, mtoto wa wavuvi wa dagaa, mpole kama hajui kukasirika. Atakayepata nafasi hiyo anakwenda mashindano ya taifa na anaingia kwenye orodha ya wakufunzi wa shabaha. Unajua maana yake. Tangu nikiwa mdogo nataka kuitwa mkufunzi kama wewe. Sikuficha, na nyumbani nyote mlinicheka isipokuwa wewe.

Wiki mbili kabla ya mchujo wa nafasi hiyo, mkufunzi wetu, Afande Chaula, mtu wa Njombe asiyepandisha sauti hata akichukia, alitupanga foleni kwenye ghala la silaha kila mtu achague darubini ya kuweka juu ya bunduki yake. Akasema, "Msichague kwa uzuri wa nje. Tieni jicho ndani, mtazame msalaba. Msalaba ndio mtakaoishi nao."

Nikatia jicho. Ya kwanza ilikuwa na msalaba mnene kama fito za boma. Porini ni nzuri, jioni unaiona upesi, lakini kwenye shabaha ya karatasi mita mia mbili inafunika duara jeusi lote, hujui unapiga nini. Ya pili msalaba wake ni mwembamba kama unywele na una nukta katikati. Nzuri juu ya karatasi nyeupe, ila ukiingia kwenye jeusi unapotea, unabaki kukodoa mpaka machozi yanatoka. Ya tatu ilikuwa na vistari vidogo vidogo kila mkono wa msalaba, kama rula ya shule. Ntabaye akaichukua hiyo bila kufikiri. Iliyofanana nayo ikabaki moja, Afande akanisogezea.

Nikakataa. Nikasema mimi ninayo ya kwangu, ya Baba yangu.

Niliitoa kwenye kile kitambaa cha kanga ya Mama, wakaizunguka wote. Msalaba wake wa kawaida, mnene pembeni na mwembamba katikati, hauna kistari wala nukta. Na vile vifundo viwili vya kurekebishia, cha juu na cha ubavuni, vimepakwa gundi na kuzungushiwa uzi mwekundu. Afande Chaula akaugusa uzi kwa kucha. "Nani kafunga?" Nikamwambia baba yangu, kwamba alishinda nayo miaka mingi bila kugusa kifundo, na aliponikabidhi aliniambia hii haijawahi kuniangusha, uzi usiufungue. Wakapiga mluzi. Nilijisikia mrefu, Baba. Siku ile sikutembea kwenda nyumbani, nilielea.

Shida ilianza tulipokwenda kusawazisha bunduki. Risasi zangu zote zilianguka chini ya duara, shibiri nzima. Afande alidhani navuta kifyatulio kwa pupa. Nami nilidhani hivyo hivyo. Kwa nini nisidhani? Nyumbani kwetu darubini haisingiziwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, mkono ukiwa mbovu darubini husingiziwa, na najua ulimwambia nani na siku gani. Nitarudi hapo.

Nikashinda siku nne nafanya mazoezi ya pumzi, kitako cha bunduki kimenichubua bega, risasi bado zinaanguka chini. Mtu mwingine angezungusha kifundo, mara mbili tatu, kazi imekwisha. Mimi sikuthubutu. Mtu anavunjaje alichofunga baba yake? Basi nikafanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka masikio yanapata moto. Nilikata kipande cha bati la kopo la maziwa, nikakikunja, nikakichomeka chini ya mguu wa nyuma wa darubini ili ikae mshazari kidogo. Risasi zikapanda, zikaingia katikati. Nikafurahi kama nimegundua dawa. Sikumwambia mtu.

Ntabaye aliniona nikikaza skrubu. Akaja akachuchumaa, akanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye, Zaituni. Darubini yako inakuwaje?"

"Iko sawa."

"Ego, sawa. Lakini haina vistari. Upepo wa ziwani ukiamka mchana utaupimia nini?"

Nikamwambia baba yangu hapimi upepo, baba yangu analenga anachotaka kukipiga. Akacheka taratibu. "Huku kwetu ukitoka Kibirizi na mtumbwi, upepo unasukuma, ukielekeza pua nyumbani kwenu utafikia kwa watu wengine. Unaelekeza pembeni. Upepo wenyewe unakurudisha kwenu." Halafu akaongeza, akiniita rafiki kwa Kiha, "Chukua ile ya vistari, mugenzi wangu. Bado ipo ghalani."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, mshindani wako akikupa ushauri bure, angalia mfuko wako.

Ijumaa ya mchujo ikafika. Uwanja uko kwenye bonde nyuma ya Ujiji, mbele yetu kilima chenye ukuta wa udongo, ziwa liko kushoto nyuma ya michikichi, hulioni ila upepo wake unakufikia. Siku ya kwanza ni risasi kumi, siku ya pili kumi, alama zinajumlishwa. Nikalala kwenye turubai. Nne za kwanza ziliingia jeusi, safi. Ya tano ikagusa ukingo wa chini. Nikasema tulia Zaituni, ni pumzi. Ya sita ikashuka zaidi. Ya saba haikuonekana kwenye karatasi kabisa. Askari aliyekuwa kule kwenye shabaha akapunga bendera ya kukosa. Jasho likaingia jichoni. Nikapiga tatu zilizobaki nikilenga pale pale katikati kwa ukaidi, zote chini, na kila moja nilikuwa nimeshajua kabla haijatoka.

Afande Chaula alikuja akashika darubini kwa vidole viwili. Ikatikisika. Kile kipande cha bati kikachomoka kikaanguka juu ya turubai, bado kina maandishi ya kopo. Akakiokota, akakitazama pande zote mbili.

"Hiki nini, Zaituni?"

Nikaanza kuokota maganda ya risasi.

"Umeweka bati ili usizungushe kifundo?"

"Ndiyo afande. Kimefungwa na baba."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema, "Baba yako alifunga kwa ajili ya bunduki yake. Hii ni bunduki nyingine. Sasa sikiliza. Ntabaye yuko mbele yako alama saba. Kanuni zinaruhusu kubadilisha au kurekebisha darubini mara moja, kabla ya saa kumi jioni, na una risasi tano za kusawazishia. Vunja uzi, au rudisha hii nyumbani uchukue ya ghala. Sitakuchagulia."

Nilikwenda nikakaa peke yangu chini ya mchikichi mmoja, darubini mapajani. Saa yangu ilisema nane na nusu. Baba, nilikuwa na hasira, na sijui hasira ilikuwa ya nani. Nikikuacha wewe nichukue ya ghala, nitasimamaje mbele yako? Nikivunja uzi, je? Nilifikiria mpaka kichwa kikauma. Mwishoni nikasema, bora nivunje uzi nibaki na darubini ya Baba kuliko kuiacha Kigoma nzima ione. Nikasema bismillahi, nikatia kisu.

Gundi ilikuwa ngumu, ya njano, ikatoka vipande vipande. Uzi nikaukunja nikautia mfukoni. Nikashika kifundo cha juu, nikazungusha kwa adabu, nikisubiri kile kimlio kinachokuambia umesogea hatua moja. Hakikulia. Nikazungusha tena, kimya. Nikakizungusha raundi mbili nzima, tatu, huku na huku, na ndani msalaba haukusogea hata chembe. Kilikuwa kinazunguka bure kama koki ya bomba iliyokufa washa.

Nikampelekea Afande. Akajaribu, akaangalia ndani kwa tochi ndogo, akaangalia kutu iliyokuwa chini ya gundi. "Hii imekufa zamani," akasema. "Imekufa kabla haijafungwa. Gundi imewekwa juu ya kutu." Kisha akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Mzee wako kama alishinda na kitu hiki, basi alikuwa fundi kuliko sisi sote. Alijua inaangusha chini kiasi gani, akawa analenga juu."

Mama, usiruke hapa.

Nilikasirika, Baba. Nasema wazi, nilikasirika. Sikukasirika kwa sababu darubini ni mbovu. Kitu chochote huharibika. Nilikasirika kwa sababu ya Kaka Ramadhani. Nilikuwepo siku ile, nilikuja na chakula chenu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ulimleta mbele ya wenzako ajaribiwe ili aingie kazini, ukampa bunduki yako na darubini hii hii. Risasi zake zikaanguka chini. Akasema, "Baba, darubini inaangusha, niruhusu nilenge juu kidogo." Nawe ukasema mbele ya watu wote kwamba anayelenga pembeni ni mjanja mjanja, kwamba mkono ukiwa mbovu darubini husingiziwa. Hakushika tena bunduki. Leo ni fundi pikipiki, na Idd anakuja kwako anakula barazani, hajaingia sebuleni miaka mingapi? Na mimi nilikuwa upande wako, Baba. Nilimwona kaka yangu mwongo. Nimeishi nikimwona mwongo mpaka Ijumaa saa tisa mchana.

Nikaenda ghalani, nikaichukua ile ya vistari. Risasi tano zikatosha kusawazisha. Fomu yangu ya mashindano nikairekebisha saa kumi kasoro dakika chache, na pale palipoandikwa "darubini", nilipokuwa nimejaza kwamba ni yako, nikafuta jina lako.

Jumamosi mchana upepo uliamka mapema. Vibendera vyekundu vya kuonyesha upepo pembeni ya uwanja vilinyooka, vyote vinaelekea kulia. Ntabaye alipiga kwanza, akafanya vizuri, si vizuri sana. Kabla hajaondoka akapita nyuma yangu, akasema bila kunitazama, "Vistari viwili kushoto. Usimsikilize mtu mwingine." Na nilishindwa tena kujua. Kama ananidanganya, nafasi ni yake. Ningeweza kujipimia mwenyewe, lakini sikuwa na uzoefu wa upepo ule. Huko kwetu Kondoa upepo hauna ziwa nyuma yake.

Nikaweka vistari viwili kushoto. Baba, hujui shida ya jambo hilo kwa mtoto uliyemlea wewe. Msalaba umelala kwenye karatasi nyeupe, hauko kwenye chochote. Duara liko kule, na mimi sipo kwenye duara. Mkono wote unanivuta nirudi katikati. Sauti yako ilikuwa sikioni, lenga unachotaka kukipiga, lenga unachotaka kukipiga. Nikafyatua. Kumi. Nikadhani nimebahatisha. Nikafyatua tena, kumi nyingine. Basi Ntabaye hakuwa ananidanganya, na nikaona aibu.

Ikafika risasi ya mwisho. Afande alininong'oneza: tisa tunalingana, na tukilingana nafasi ni ya Ntabaye kwa kuwa aliniongoza siku ya kwanza. Kumi ni yangu. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nikapumua, nikatoa nusu ya pumzi, kidole kimeshaanza kubana, na kibendera kikaanguka. Kikaanguka kabisa, kikaning'inia kwenye fito. Nikatoa kidole. Ningefyatua, ingekwenda kushoto nje ya jeusi. Nikasubiri. Saa ya mwamuzi nilikuwa naisikia kama iko kifuani mwangu. Dakika moja. Upepo haukurudi. Nikasogeza msalaba katikati, na ile sauti yako ikafurahi, ndiyo, hapo hapo. Kibendera kikajitikisa, kikainuka nusu tu, hakikunyooka. Nusu ya upepo. Sikumuuliza mtu. Nikaweka kistari kimoja kushoto, nikafyatua.

Kumi, Baba.

Nimeingia timu. Ntabaye alinipa mkono, akasema, "Nimekuonyesha njia ya kwetu, ukafika kabla yangu." Nilitaka kumwomba msamaha kwa niliyoyawaza, nikashindwa, nikamnunulia soda. Ameteuliwa kuwa mtu wa akiba na atasafiri nasi.

Darubini yako nimeifunga kwenye kanga ile ile. Kuna mwenzetu anasafiri kwa treni Alhamisi mpaka Dodoma. Huko atampa kondakta wa basi la Kondoa, naye atawapigia. Uzi mwekundu nimeuweka ndani, lakini sikuufunga tena. Nilijaribu mara moja, nikauzungusha vizuri kama ulivyokuwa, nikaufungua. Na uzi wenyewe, Mama, naujua, ni ule wako wa kushonea vifungo vya sare. Baba hajui kufunga fundo dogo namna ile. Kwa hiyo mlijua wawili.

Sikudharau, Baba. Kushinda miaka yote ile kwa kitu kilichokufa, ukilenga hewa juu ya shabaha na kuipata, huo ni ufundi ambao mimi na vistari vyangu sitaufikia. Ungeniambia hivyo tu, ningejivuna zaidi. Ningemwambia kila mtu Kigoma.

Nisalimieni Bibi Mwanaidi, mwambieni mawese nimempata mtu wa kumletea, asinitumie tena ujumbe kwa kila mtu. Nisalimieni Shangazi Rukia na watoto wake, na imamu wetu aliyeniombea dua kabla sijaondoka. Wifi yangu, mke wa Ramadhani, mwambieni ile nguo ya kitenge cha Kirundi aliyoniagiza nimeshaipata, rangi ya buluu.

Kaka Ramadhani msimpe salamu zangu kwa mdomo. Kifurushi kikifika mwiteni, si barazani, ndani sebuleni. Baba, mpe darubini mkononi, umwambie azungushe kifundo cha juu. Huna haja ya kusema neno lingine. Yeye ni fundi, atajua.

Mimi binti yenu,
Zaituni